Jibu: Mfuko wa mchanga badala ya sanamu ya dhahabu

Umeuliza kama mfuko wa mchanga ungeweza kweli kuudanganya ule mtego wa hekaluni Peru, mwanzoni mwa filamu ya Raiders of the Lost Ark (1981), ambapo Indiana Jones anachukua sanamu ya dhahabu na kuweka mfuko mahali pake ili mtego unaohisi uzito usifyatuke. Kama sanamu ni dhahabu tupu hadi ndani, haiwezekani kabisa. Lita moja ya dhahabu ina uzito wa kilo 19.3, lita ya mchanga mkavu ni kama kilo 1.6 tu. Ukubwa ukilingana, mfuko ni mwepesi mara 12. Tena utazame vizuri mkono wa Indiana Jones: anapunguza mchanga kabla ya kubadilisha, yaani anazidisha kosa! Baadaye sanamu inarushwa ng'ambo ya shimo kama chungwa. Kilo 19 hazirushwi hivyo.

Ila ikiwa na uwazi ndani, hesabu inageuka, na hapa ndipo patamu. Wafua dhahabu wa kale wa Peru walikuwa mabingwa wa bati jembamba la dhahabu lililofuliwa kwa nyundo. Chukua bati la unene wa milimita 1, eneo lote sentimita za mraba 600: unapata kilo 1.2 hivi. Robo tatu ya lita ya mchanga inatosha kabisa, mradi mfuko utue papo hapo sanamu inapoinuka.