Miunganisho 60 imeijazaje hifadhidata?

SWALI: Mfumo wetu wa kukatia tiketi za mabasi umeandikwa kwa Python na unatumia PostgreSQL. Tuna seva 3, kila moja ina michakato 4, na kwenye SQLAlchemy (maktaba ya Python ya kuongea na hifadhidata) nimeweka pool_size, yaani miunganisho ya kudumu ya kila mchakato, 5. Hiyo ni miunganisho 60 tu. Mbona sikukuu zikikaribia hifadhidata inakataa wateja ikidai wamejaa? Nipandishe max_connections (kikomo cha miunganisho cha PostgreSQL) kutoka 100 hadi 1000?

JIBU: Usipandishe kwanza. Juu ya zile 5, SQLAlchemy huruhusu 10 za ziada kupitia max_overflow, usipoigusa. Kila mchakato basi unaweza kufika 15, na 3 × 4 × 15 ni 180. PostgreSQL nayo, katika 100 zake, hutenga 3 za msimamizi mkuu. Unabakiwa na 97.

Ila kinachokula ziada hiyo ndicho cha kutafuta. Mfumo ukielemewa, ingia kwa akaunti ya msimamizi mkuu (zile 3 zimewekwa kwa saa kama hiyo) uandike:

SELECT state, count(*) FROM pg_stat_activity GROUP BY state;

Ukikuta “idle in transaction” nyingi (miunganisho iliyofungua muamala ikakaa bila kufanya kazi), tazama msimbo wa malipo. Mara nyingi unafungua muamala, unashika kiti cha abiria, kisha unasubiri jibu la malipo ya simu huku muunganisho umeushikilia. Muunganisho unaoshikwa milisekunde 20 huhudumia maombi 50 kwa sekunde. Ukishikwa sekunde 8, ni ombi moja tu muda wote huo. Andika kiti kuwa “kinasubiri malipo”, piga COMMIT (kufunga muamala na kuhifadhi), ndipo uite huduma ya malipo. Jibu likirudi, fungua muamala mpya. Weka pia idle_in_transaction_session_timeout, tuseme sekunde 30, ili muamala uliosahaulika ukatwe.

Kuhusu 1000: kwenye PostgreSQL kila muunganisho ni mchakato kamili wenye kumbukumbu yake. Mia kadhaa zikifanya kazi kwa pamoja juu ya prosesa yenye kori 8, zinagombania zamu tu, na kila swali linachelewa.

Seva zikiongezeka, weka PgBouncer (programu inayowagawia wateja wengi miunganisho michache) katikati, bandari 6432, pool_mode iwe transaction (mteja hupewa muunganisho kwa muamala mmoja tu), default_pool_size, yaani miunganisho ya kwenda hifadhidata, uanze na 20. Usisahau max_client_conn, kikomo cha wateja wa PgBouncer: huja ikiwa 100, na ukiiacha hivyo umehamisha tatizo tu. Kwa mtindo huo wa transaction, LISTEN (kusubiri taarifa kutoka hifadhidata), SET ya kikao (mipangilio ya muunganisho mmoja) na kufuli za kikao hazitegemeki, maana muamala unaofuata unaweza kupewa muunganisho mwingine. Zitafute kwenye msimbo kabla ya kuhama.