Kabla ya kuomba uzamili wa uongozi wa uuguzi, tafuta swali la wodini kwako

Kila msimu wa udahili ukifika, wadogo zangu katika taaluma hunitumia ujumbe: "Dada, nataka kusoma masta ya uongozi wa uuguzi, nianzie wapi?" Wengi hutegemea nitaje chuo. Mimi huwauliza kwanza: ni jambo gani la wodini kwako linalokufanya ufike nyumbani na bado unaliwaza? Asiye na jibu humshauri asubiri hata mwaka mmoja, alitafute. Nasema hivyo kwa sababu mimi niliingia bila jibu, na muhula mzima wa kwanza nilisoma nadharia za uongozi bila kuona zinamgusa mgonjwa gani.

Nilipewa ufawidhi, yaani usimamizi, wa wodi ya magonjwa ya ndani nikiwa na miaka sita kazini. Hakuna aliyenifundisha kuongoza. Kwetu muuguzi akionekana mchapakazi, anayefika mapema na asiyegombana na madaktari, siku moja anakabidhiwa funguo, daftari la makabidhiano na jukumu la kupanga ratiba ya zamu. Kuanzia hapo yeye ndiye anayeulizwa kwa nini dawa ya saa nne usiku imetolewa saa sita, kwa nini mgonjwa wa kitanda cha mwisho ana kidonda cha mgongoni, kwa nini muuguzi fulani hakuja. Unajua kumchoma mtoto mshipa usioonekana, lakini hujui kusoma bajeti wala kuandika hoja ikasikilizwa.

Niliandika barua tatu kwa uongozi wa hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo. Zote zilisema kitu kilekile: tumezidiwa na kazi, tunaomba tuongezewe wauguzi. Sikujibiwa hata moja. Nilikasirika sana, na hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka chuo.

Muhula wa pili mwalimu wetu wa rasilimali watu alitusomesha utafiti wa mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake uliochapishwa 2002. Walichunguza hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakaona kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 unapanda kwa takriban asilimia 7. Nilikaa kimya darasani. Jambo ambalo mimi na wenzangu tulilijua kwa miguu iliyovimba, mtu alikuwa amelihesabu. Pale ndipo nilipopata swali langu: wodi yangu inahitaji wauguzi wangapi hasa, na nitamthibitishiaje mtu ambaye hajawahi kukesha nasi?

Njia niliyotumia ni ya Shirika la Afya Duniani, inaitwa WISN, yaani kukadiria watumishi wanaohitajika kwa kupima wingi wa kazi, na naieleza hapa kwa sababu mfawidhi yeyote anaweza kuijaribu hata kabla hajaenda chuo. Unaanza na muda ambao muuguzi mmoja yuko kazini kweli kwa mwaka. Wiki 52 za siku tano ni siku 260. Toa likizo ya mwaka, ambayo kwetu Tanzania ni siku 28, yaani siku 20 za kazi ukiondoa wikiendi. Toa sikukuu, siku za kuugua, siku za mafunzo. Wodini kwangu zilibaki kama siku 215 kwa kila muuguzi. Zidisha kwa saa nane, unapata saa 1,720. Kisha orodhesha kazi zenyewe: kupokea mgonjwa mpya, kupima joto, mapigo na presha, kugawa dawa, kufunga vidonda, kumgeuza asiyejiweza, kuandika. Kila kazi unaipa muda wake kwa kiwango kinachokubalika kitaalamu. Mimi nilizunguka na saa ya mkononi, nikawafuata wenzangu wakigawa dawa mara nyingi, tukakaa tukakubaliana dakika za haki. Ukizidisha kila muda na mara ambazo kazi hiyo inafanyika kwa mwaka, ukajumlisha zote, ukagawa kwa zile saa 1,720, unapata idadi ya wauguzi wanaohitajika. Mwisho unachukua idadi ya waliopo ukaigawa kwa wanaohitajika. Ikiwa jibu ni 1, mmetosha. Sisi tulikuwa 9 na tulihitajika 15. Jibu ni 0.6.

Barua yangu ya nne ilikuwa na ukurasa mmoja wa maneno na jedwali moja. Niliitwa ofisini wiki iliyofuata. Hatukupewa wauguzi sita, nisidanganye mtu. Tulipewa wawili, na mhudumu mmoja wa afya wa kuchukua kazi ambazo hazihitaji muuguzi: kupeleka sampuli maabara, kufuata damu, kusukuma kitanda kwenda eksirei. Ukilipanga jedwali vizuri linakuonyesha pia kazi zipi si zako.

Kwa hiyo swali likishapatikana, ndipo utafute programu. Usichague kwa jina la shahada peke yake. Uongozi wa uuguzi vyuo vingine wanauita usimamizi wa huduma za uuguzi, vingine umejificha ndani ya shahada ya uzamili ya uuguzi kama mchepuo, na wenzangu kadhaa waliishia afya ya jamii au uongozi wa huduma za afya na hawakujuta. Omba orodha ya masomo uisome moja baada ya jingine. Mimi natafuta vitu vinne: fedha, rasilimali watu, ubora wa huduma, na utafiti wenye takwimu za kweli. Programu isiyo na fedha iache. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na ziko zahanati ambazo muuguzi ndiye mfawidhi. Anapanga, anaomba, anatumia, anajibu hoja za mkaguzi. Kuongoza huko bila kuelewa kasma, yaani vifungu vya bajeti, na mpango wa manunuzi ni kumtupa mwenzetu mtoni.

Wanaotamani kusoma kwa mtandao kwenye vyuo vya nje, kabla hamjalipa hata shilingi ya maombi, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu kama tuzo ya chuo hicho inatambuliwa. Nina rafiki aliyeuliza baada ya kuhitimu, na maumivu yake sitaki yampate mwingine. Angalieni pia GPA yenu, yaani wastani wa alama, ya shahada ya kwanza mapema. Aliye chini ya 2.7 apige simu ofisi ya udahili aulize njia nyingine iliyopo, asijikatie tamaa mwenyewe nyumbani. Na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isiishe muda ukiwa darasani.

Ruhusa. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na mimi nilikwama miezi minne. Mtumishi wa umma anatakiwa awe amethibitishwa kazini na jina lake liwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Usisubiri barua ya udahili ndipo umkumbuke ofisa utumishi. Nenda mwaka mmoja kabla, na nenda na andiko fupi linaloonyesha hospitali itapata nini. Hilo swali lako la wodini linakufaa hapa pia: mkubwa wa kazi akiona utafiti wako utamtatulia tatizo lake, barua haikai mezani. Ukiondoka kienyeji, kwa kubadilishana zamu na kuwabebesha wenzako usiku wako, shahada utaipata lakini utarudi kuongoza watu uliowachosha. Kuhusu hela, mimi mshahara uliendelea, ila posho ya kuitwa kazini ilikatika, na nilikuwa sijaihesabu. Ihesabu.

Kuna jambo la utafiti ambalo halikunijia akilini kabisa hadi kamati ya maadili iliponirudishia andiko. Nilikuwa nimeandika kwamba nitawahoji wauguzi wa wodi yangu kuhusu uchovu na makosa ya dawa. Kamati ikauliza: muuguzi ambaye wewe ndiye unampangia zamu, atakukatalia vipi? Niliona aibu, halafu nikashukuru. Nilidhani wenzangu wananipenda, kumbe upendo hauondoi cheo. Ilinibidi nimpate mtu wa nje ya hospitali akusanye madodoso, yawe hayana majina, na mimi nisijue nani amejaza na nani hakujaza. Majibu yaliyorudi yalisema mambo ambayo hawakuwahi kuniambia uso kwa uso kwa miaka mitatu. Wengi waliandika kwamba ratiba yangu ya zamu inapendelea. Nilipoirudia kwa macho mapya niliona kweli: wenye watoto wadogo niliwahurumia, na wasio na watoto ndio waliolala wodini sikukuu zote. Nimesoma kozi nyingi za uongozi katika masomo yale, lakini hakuna iliyonibadilisha kama lile bunda la madodoso. Anayefanya utafiti kwenye kituo chake alijue hili mapema, na atenge muda wa kutosha wa kibali cha maadili na vibali vya mkoa, maana hakuna kinachoanza bila hivyo.

Nyumbani nitasema machache. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu, na mama mkwe alihamia kwetu akanilelea. Mume wangu alijifunza kusuka nywele. Kaeni kikao cha familia kabla ya kujaza fomu, kila mtu ajue atabeba nini na kwa miezi mingapi.

Niliporudi sikupandishwa cheo, na nawaomba mjiandae kwa hilo. Nilirudishwa wodi ileile, funguo zilezile. Asubuhi ya kwanza nilifika saa moja na robo, nikabandika ratiba mpya ya zamu ukutani. Safari hii niliipanga pamoja na wauguzi wawili waliochaguliwa na wenzao, sikukuu zikizunguka kwa zamu, na jina langu likiwa la kwanza kwenye usiku wa mkesha wa Krismasi.