Jibu: Usizibe banda lote kwa sababu ya baridi ya Mafinga

Ndugu yangu, umeuliza kama uzibe madirisha yote kwa turubai maana Juni hii vifaranga wanajikunyata, na asubuhi ukifungua banda macho yanakuwasha. Tafadhali usizibe. Hiyo inayokuwasha ni amonia ya kinyesi, na inaumiza mapafu ya kuku kuliko baridi yenyewe.

Funga turubai kuanzia chini kwenda juu, uache nafasi ya kiganja karibu na paa. Upepo usiwapige vifaranga, ila hewa chafu ipate pa kutokea. Dar mtu anaacha wavu wazi usiku kucha. Huku kwetu haiwezekani.

Shida kubwa ni maranda uliyotandaza sakafuni. Chota ya karibu na chombo cha maji, uifinye. Ikibaki donge, imelowa, na hapo ndipo koksidiosisi, ugonjwa wa kuharisha damu, inapostawi. Toa sehemu hiyo leo hii, weka kavu, nyingine ugeuze kwa reki. Nyanyua vyombo vya maji vilingane na mgongo wa kuku ili wasimwage. Mafinga mbao zipo tele, maranda hayakosekani, lakini usichukue vumbi laini la msumeno: vifaranga hulila.

Wiki ya kwanza wanahitaji joto la kama nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi usawa wa migongo yao, kisha unapunguza taratibu. Kama unatumia jiko la mkaa, nakusihi, lisiingie likiwa bado linafuka, wala usilale humo. Hewa yake ya sumu isiyoonekana, kaboni monoksidi, inaua watu pia, hata moshi ukiwa umeisha.

Wakianza kuharisha damu, muone afisa mifugo siku hiyohiyo.