Maswali ya Wasomaji: Sekunde Kutoka Setilaiti

Barua za toleo hili zote zinahusu kutumia kipokezi cha GPS kuweka saa sawa. Setilaiti za GPS hubeba saa za atomiki, na hata kipokezi cha bei nafuu huweza kukupa mwanzo wa sekunde kwa kukosea makumi machache tu ya nanosekunde. Kazi ngumu ni kuifikisha sekunde hiyo kwenye kompyuta au kipimo chako kabla haijaharibika njiani.

SWALI: Nina kipokezi cha GPS cha kuchomeka kwenye USB. Nikilinganisha na seva za intaneti, saa ya kompyuta inayumba: mara inachelewa milisekunde 80, mara 150. Je, kipokezi ni kibovu?

JIBU: Kizima kabisa. Kipokezi hutoa vitu viwili, nawe unapata kimoja tu. Cha kwanza ni maandishi, yaani mistari kama $GPRMC na $GPZDA inayotaja saa na tarehe. Cha pili ni mpigo wa umeme kwenye pini iliyoandikwa PPS, unaopanda mara moja kila sekunde, pale pale sekunde inapoanza. Maandishi yanakuambia hii ni sekunde ipi. Mpigo unakuambia imeanza lini. Ukishika tofauti hiyo, nusu ya matatizo ya kazi hii utayatambua mwenyewe.

Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi moja huchukua takriban milisekunde 1 kupita, kwa hiyo mstari wa herufi 70 humalizika baada ya milisekunde 73 hivi. Tena chipu haianzi kutuma mpaka imalize hesabu zake, na hesabu hizo hurefuka au kufupika kadiri setilaiti zinazoonekana zinavyobadilika. Kuyumba unakokuona kunatoka hapo. Ukipandisha kasi hadi 115200 utapunguza muda wa kupita tu, si muda wa hesabu. USB nayo huongeza kuchelewa kwake, na vifaa vingi vya namna hiyo havipitishi mpigo hata kidogo. Kwa maandishi peke yake, seva nzuri za intaneti kwa kawaida zitakushinda. Tafuta kipokezi chenye pini ya PPS.

SWALI: Nimepata bodi ndogo yenye chipu ya NEO-6M na ninayo kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4. Nifunge nyaya vipi, na niandike nini kwenye mafaili?

JIBU: Nyaya ni nne, ya tano si lazima. GND (ardhi) ya bodi iende pini 6 ya Raspberry Pi. Umeme uchukue kwenye 3.3V au 5V kulingana na bodi. Nyingi zina kidhibiti volti chao. TX (ya kutuma) ya bodi iende pini 10, na PPS iende pini 12, ambayo ndiyo GPIO 18, yaani pini ya ishara namba 18. RX (ya kupokea) ya bodi kwenda pini 8 unaihitaji tu ukitaka kubadilisha mipangilio ya chipu. Kabla ya kuunganisha, pima PPS na TX kwa mita: zisizidi volti 3.3, maana GPIO ya Raspberry Pi haivumilii 5 na itaungua bila kukuonya.

Bodi nyingine hazina shimo la PPS. Mpigo upo kwenye pini ya 3 ya chipu, na mara nyingi ndio unaowasha taa ndogo inayomweta baada ya setilaiti kupatikana. Lehemu waya mwembamba kwenye pini hiyo, au kwenye ncha ya kizuizi (rezista) cha taa iliyo upande wa chipu, kisha ubandike waya kwa gundi ili usivute njia ya shaba.

Kwenye /boot/firmware/config.txt ongeza:

enable_uart=1
dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18

Zima konsoli ya mlango wa serial kwa raspi-config, sakinisha pps-tools (ya kujaribu mpigo), gpsd (inayosoma maandishi ya kipokezi) na chrony (inayoongoza saa ya kompyuta), kisha uwashe upya. Sasa andika `sudo ppstest /dev/pps0`. Kila sekunde uone mstari mpya wenye neno assert, wakati wake, na namba ya mfuatano inayopanda moja moja. Ikiandika kwamba muda umekwisha, usiguse chrony bado: ama waya haujashika, ama kipokezi hakijapata setilaiti.

gpsd ipe mlango /dev/serial0 na chaguo la -n, ili isingoje programu nyingine iiamshe. Kisha kwenye faili la chrony weka:

refclock SHM 0 refid NMEA offset 0.1 delay 0.2 noselect
refclock PPS /dev/pps0 lock NMEA refid PPS

Mstari wa kwanza (NMEA, yaani yale maandishi) unataja sekunde. Noselect inazuia saa isifuate maandishi. Wa pili ndio unaoiongoza saa. Hiyo 0.1 ni makisio. Iache ifanye kazi kwa saa chache, tazama `chronyc sourcestats`, kisha rekebisha offset mpaka NMEA ikaribie sifuri. Usilipuuze hili: maandishi yakikosea kwa sehemu kubwa ya sekunde, chrony haitajua mpigo ni wa sekunde ipi na itaukataa. Ukiona PPS haichaguliwi ilhali ppstest inafanya kazi, anza kuchunguza hapo.

Kila kitu kikikaa sawa, saa itatulia ndani ya mikrosekunde chache. Kinachobaki hutokana na kuchelewa kwa kompyuta kuuitikia mpigo, na fuwele inayoendesha saa yake kubadilika na joto. Kuifunika Raspberry Pi isipigwe na upepo wa feni husaidia kuliko wengi wanavyodhani.

SWALI: Mpigo wangu umetulia vizuri sana, lakini nikilinganisha na seva nyingine tofauti ni milisekunde 100 kamili, haipungui wala haizidi.

JIBU: Unasoma ukingo usio sahihi. Mpigo wa chipu hizi kwa kawaida hudumu milisekunde 100: hupanda sekunde inapoanza, hushuka baadaye. Ukipitisha mpigo kwenye transista au chipu inayogeuza ishara, kupanda kunakuwa kushuka. Ongeza assert_falling_edge kwenye ule mstari wa dtoverlay, au ondoa kigeuzi. Tofauti iliyo namba kamili namna hiyo karibu kila mara ni ya nyaya au mipangilio, si ya anga.

SWALI: Kila nikikiwasha kipokezi baada ya kukiweka siku nyingi, saa inakuwa mbele kwa sekunde 3, kisha baada ya dakika kadhaa inaruka na kuwa sahihi. Kwa nini?

JIBU: Wakati wa GPS ulianza kuhesabiwa tarehe 6 Januari 1980 na hauongezwi sekunde za nyongeza kama UTC, yaani wakati rasmi wa dunia. Tangu 1 Januari 2017, GPS iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Kipokezi lazima kiijue namba hiyo ili kiitoe. Setilaiti huitangaza, lakini ujumbe wao hutumwa kwa biti 50 tu kwa sekunde, na wote mzima huchukua dakika 12.5. Kabla ya kuipata, chipu hutumia namba iliyoandikwa kiwandani. Namba ilikuwa 15 hadi katikati ya 2012, kwa hiyo chipu ya enzi hizo hutangulia kwa 3 hasa. Badilisha betri ndogo ya akiba kwenye bodi kama imekufa, na usiiruhusu saa ifuate GPS mpaka robo saa ipite tangu kuwasha.

SWALI: Kipokezi cha zamani kinaonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Kitupwe?

JIBU: Usikitupe. Namba ya wiki katika ujumbe wa kawaida wa GPS ina biti 10, hivyo hurudi sifuri kila wiki 1024; ilirudi Agosti 1999 na Aprili 2019, na itarudi tena Novemba 2038. Programu ya ndani ya kipokezi hukisia iko kwenye mzunguko upi wa wiki 1024, na makisio hayo yana mwisho wake kwa kila aina. Angalia siku ya juma: itakuwa sahihi, kwa sababu kosa ni siku 7168, ambazo ni wiki kamili. Mpigo haujaguswa. Jumlisha siku 7168 kwa programu, au chukua tarehe kwenye intaneti na ukiachie kipokezi mpigo tu.

SWALI: Antena iwekwe wapi, na urefu wa kebo una madhara gani?

JIBU: Iweke juu, ione anga pande zote. Dirishani itafanya kazi, ila mawimbi yanayogonga kuta hufika yamechelewa na kuuchezesha mpigo. Kebo ya kawaida ya RG-58 huchelewesha takriban nanosekunde 5 kwa kila mita, kwa hiyo mita 20 ni nanosekunde 100. Kuchelewa huko hakubadiliki, na huondolewa kwa namba moja kwenye mipangilio. Chipu nyingi za u-blox, watengenezaji wa NEO-6M, tayari zimewekewa nanosekunde 50, kwa hiyo usije ukajumlisha mara mbili. Kwa anayetumia Raspberry Pi haya hayaonekani kabisa.

Yanaonekana kwa mwenye chipu ya wakati, kama LEA-6T au NEO-M8T. Hizo hupima mahali zilipo kwa saa kadhaa, kisha huligandisha eneo hilo, yaani hulichukulia kuwa halibadiliki. Baada ya hapo setilaiti moja inatosha kutoa wakati, kwa kuwa kisichojulikana kimebaki kimoja. Antena ikihamishwa, rudia kipimo: mita 3 za kosa ni takriban nanosekunde 10.

SWALI: Nataka ishara ya 10 MHz ya kuongozea kipimamasafa (kifaa cha kupima marudio ya mawimbi). NEO-M8N inaweza kuitoa moja kwa moja kwenye pini ya mpigo. Inatosha?

JIBU: Kwa wastani wa muda mrefu, ndiyo. Kwa kipimo cha sekunde moja, hapana. Saa ya ndani ya chipu ni ya 48 MHz, na 48 haigawanyiki kwa 10. Chipu hufidia kwa kurefusha mizunguko mingine na kufupisha mingine, hivyo ishara inatetemeka. Ukiagiza 8 MHz hupata mgawanyo kamili wa 6 na ishara safi zaidi.

Njia iliyo bora ni kutumia osileta ya fuwele iliyo ndani ya tanuri dogo, na kuielekeza polepole kwa mpigo. Mpigo unaocheza nanosekunde 30 ni kosa la sehemu 3 katika milioni 100 ukiupima kwa sekunde moja, lakini kwa sekunde 1000 hupungua mara elfu. Osileta ni kinyume chake: imetulia kwa sekunde, hutangatanga kwa siku. Weka muda wa kurekebisha kwenye sekunde mia kadhaa hadi elfu. Ukiufanya mfupi, unaimwagia osileta nzuri mtetemo wote wa kipokezi. Ukiufanya mrefu mno, badiliko la joto la chumba litaonekana kwenye masafa. Acha tanuri lipate moto kwa siku nzima kabla ya kuamua kama muda uliochagua unafaa.