Mshauri wa fedha wa "bure" analipwa na nani?

SWALI: Nimestaafu ualimu mwaka huu nikiwa na miaka 60, na mkupuo wangu wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, umeshaingia benki, shilingi milioni 48. Kijana mmoja tunayesali naye amejitolea kuwa mshauri wangu wa fedha bila malipo. Ananishauri niweke milioni 30 kwenye bima ya maisha yenye akiba, ya miaka 15. Mwingine ameniingiza kwenye kundi la WhatsApp, anasema atanifanyia biashara ya forex, yaani kununua na kuuza fedha za kigeni, na kunipa asilimia 10 kila mwezi. Nitampataje mshauri anayenifaa na asiye na gharama? – Mwalimu mstaafu, Morogoro

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa kumaliza utumishi salama.

Hilo neno "asiye na gharama" ndilo linalowaponza wastaafu wengi wanaofika mezani kwangu, kwa hiyo niruhusu nianze nalo. Mshauri wa bure hayupo. Kijana huyo ana nauli, ana kodi ya nyumba, huenda ana watoto wanaosoma. Kama wewe humlipi, yupo anayemlipa. Wakala wa bima hupata kamisheni kutoka kampuni kwa kila mkataba anaouza. Ni kazi halali kabisa, ila ni kazi ya kuuza. Hata kama hati fungani ya serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ndiyo inayokufaa, siku akikwambia hivyo hapati kitu. Simwiti mwongo. Inawezekana anaiamini bima yake kwa moyo wote, na hapo ndipo mtu mwema anapokupoteza bila kujua.

Tazama hata bima yenyewe. Inamfaa mtu wa miaka 30 mwenye mshahara na watoto wadogo. Wewe utaimaliza ukiwa na miaka 75. Ukiugua mwaka wa tatu ukataka kuvunja mkataba, utarudishiwa pungufu ya ulichoweka, kwa sababu gharama na kamisheni hukatwa mapema.

Unayemtafuta ni mtu anayeuza muda na ujuzi wake, akakutajia ada yake kabla hamjaanza: kiasi fulani kwa kikao, au kwa mpango mzima atakaokuandikia. Awe na leseni ya ushauri wa uwekezaji ya CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na usiridhike na nakala anayokuonyesha kwenye simu. Ulizia jina lake kwa mamlaka yenyewe. Leseni ya TIRA ni ya mambo ya bima, haimpi ruhusa ya kukushauri kuhusu hisa. Na hizi karatasi za BRELA, msajili wa kampuni, na TIN ya TRA, namba ya mlipakodi, ambazo watu huniletea kama ushahidi kwamba kampuni fulani "imesajiliwa na serikali", jamani, hata mwenye duka la vitenge anazo. Hazimruhusu mtu kukusanya fedha za watu akawekeze.

Mshauri wa kweli atakuuliza maswali mengi kabla ya kutaja bidhaa yoyote: pensheni yako ya mwezi ni kiasi gani, una deni, nyumba imekwisha, nani bado anakutegemea, matibabu yako yanalipiwaje. Akianza na bidhaa, inuka uondoke. Wala asiguse fedha zako. Hati fungani hununuliwa kupitia benki au dalali mwenye leseni na huandikwa jina lako. Vipande vya UTT AMIS, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unalipia mfuko wenyewe moja kwa moja. Hakuna hatua inayotaka hela ipite kwenye namba ya simu ya mshauri. Na nikwambie ukweli ambao wenzangu hawataupenda: kwa milioni 48, vikao viwili vya kulipia vinaweza kukutosha kabisa.

Sasa huyo wa forex. Asilimia 10 kwa mwezi, faida ikiachwa izae, inaifanya milioni 48 kuwa zaidi ya milioni 150 kwa mwaka mmoja, na zaidi ya milioni 470 kwa miaka miwili. Mwenye uwezo huo angeanza na milioni moja yake akanyamaza. Asingehangaika kutafuta walimu wastaafu kwenye WhatsApp.

Tuliyaona haya kwa DECI, mpango wa upatu ulioanguka mwaka 2009. Watu walipanda "mbegu" wakingoja kuvuna, na wa mwanzo walivuna kweli, kwa fedha za waliokuja nyuma yao. Hao wa mwanzo ndio waliowaleta ndugu, majirani na waumini wenzao, wakishuhudia kwa nia njema. Viongozi wake walifikishwa mahakamani Kisutu kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Leo jina ni forex, kesho sarafu za kidijitali, na bado kila wiki ninaletewa picha za miamala ya "waliolipwa" kana kwamba ni uthibitisho. Kulipwa kwa mwenzako ndiyo chambo chenyewe.

Toka kwenye kundi hilo leo. Kama umeshatuma chochote, na sasa wanadai "ada ya kufungulia akaunti" ili utoe hela yako, usitume hata shilingi. Chukua namba za miamala na jumbe zote uende nazo polisi kabla hawajazifuta.