Unaenda kuona rali mara ya kwanza? Chagua kona moja ubaki pale

Kila mwaka Safari Rally, ile mbio ya gari ya Kenya upande wa Naivasha, ikikaribia kuko kijana mu kartiye atanipigia simu, kaka na mimi nataka kuona zile gari kwa macho yangu, nifanye je? Basi naandika hapa yote mara moja, na wewe mwenye utasoma mwambie na mwenzako.

Mimi nilienda mwezi wa 6 mwaka 2023. Mbele ya pale rali nilikuwa naijua mu telefone tu, zile video za sekunde thelathini, gari inaruka, vumbi, imepita. Kumbe kuwa pale ni kitu kingine kabisa. Na kama utashika neno moja tu mu haya yote ninaandika, shika hili: chagua kona moja, fika mapema, ubaki pale siku nzima. Usifukuzane na gari.

Nasema hivyo juu siku yangu ya kwanza, Ijumaa, mimi na shemeji yangu mwenye anaishi Nairobi tulifanya kinyume. Tulikuwa tumesimama mahali pazuri tu, gari tatu zikapita, tukasema twende mbele kidogo tutaona vizuri zaidi. Tukapanda boda, kumbe barabara yenyewe imefungwa tangu asubuhi, dereva wa boda akatuzungusha mu mashamba ya watu, tukafika penye tulikuwa tunataka wakati gari za wakubwa zimeisha kupita, imebaki vumbi inashuka pole pole juu ya watu wenye wanakunja viti. Tukajaribu tena mchana, ikawa vile vile. Ile siku nzima niliona gari saba. Nilitoka Goma, nikapita Gisenyi, Kigali, Kampala, bisi zaidi ya siku nzima, kwa pesa yenye niliiweka kidogo kidogo mwaka wote, na nikaona gari saba. Usiku sikulala vizuri.

Shida yetu ilikuwa tunafikiri rali ni kama mpira, eti kuko mahali moja penye mchezo unachezwa na sisi tunapaswa kuutafuta. Hapana. Mu rali gari hazikimbii pamoja. Inatoka moja, wanangoja dakika kadhaa, inatoka ingine, na kila mmoja anashindana na saa, hamuoni mwenzake. Barabara wanaikata vipande, kila kipande wanaita steji, mwaka ule zilikuwa 19, jumla zaidi ya kilometa 350 za kukimbia. Na mwisho wa yote dereva Sébastien Ogier alimshinda mwenzake Kalle Rovanperä kwa sekunde 6.7. Fikiria, kilometa 350 ya mawe na vumbi, siku nne, tofauti ni sekunde sita na kitu! Sasa hizo sekunde zinapotelea wapi? Zinapotelea mu kona. Njo maana mtu mwenye amekaa kona moja anaelewa kuliko mwenye anakimbia huku na huku, juu yeye anaona kila dereva anafanya nini pale pale penye mwenzake alipita.

Jumamosi tukajifunza. Tuliamka giza bado (angalia saa yako, Kenya iko mbele ya Goma kwa saa moja, usije ukapoteza gari ya kwanza juu ya hiyo) tukaenda upande wa ziwa Elmenteita, tukapata kona moja, barabara inashuka kutoka kilima, inakata kushoto, alafu inapanda tena. Mimi nikaona mahali pa foto, upande wa kulia, chini kabisa, gari itakuja mbele ya uso wangu. Nikaenda nikasimama. Kuko mzee mmoja alikuwa amekaa juu kwenye jiwe na termosi yake, akaniita: "Kijana, toka hapo. Gari ikikosa hiyo kona, inakuja hapo hapo umesimama." Nikamwambia asante mzee, nikapanda kwenye alikuwa, na pale njo nikakumbuka chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubeba mizigo.

Sisi watu wa Goma hili jambo tunalijua tangu utoto. Chukudu ikiteremka kutoka Kibumba na magunia ya makala, hakuna mtoto mwenye anasimama upande wa nje wa kona, juu kama frein ikishindwa ile chukudu haitakata, itaendelea mbele vile ilikuwa inaenda, na wewe uko pale. Gari ya rali ni hivyo hivyo, tofauti ni mwendo tu. Kwa hiyo usisimame nje ya kona, usisimame chini ya barabara, usisimame penye huna njia ya kukimbilia. Panda juu, kaa upande wa ndani na mbali kidogo, juu hata ndani gari inaweza kukata ikapita kwenye majani. Utaona utepe: wa kijani ni upande wa watazamaji, mwekundu ni kukatazwa, na yule mwenye jile (kizibao) ya wasimamizi akikuambia rudi nyuma, rudi, usianze kubishana naye. Na usivuke barabara eti kimya, hausikii kitu. Upepo ukienda upande mwingine gari unaisikia ikiwa imeisha kufika. Ile foto niliikosa na sijutii hata kidogo.

Sasa utajuaje zinakuja? Kwanza unasikia helikopta. Alafu zinapita gari za usalama zenye namba za sifuri, na sirena, kuangalia kama watu wamekaa vizuri na barabara iko tupu. Zikipita, kaa, weka telefone mu mfuko. Nasema kweli, gari ya kwanza iangalie na macho, siyo na kioo. Unaanza kusikia kitu kama radi iko mbali nyuma ya kilima, inakuwa kali, inakohoa dereva akipunguza gia, alafu inatokea, ubavu mbele, mawe yanaruka, na mbele hujapumua imeenda. Sekunde nne, tano. Shemeji alinishika mkono bila kujua amenishika.

Ya kwanza utaona mwendo tu. Ya pili pia. Kufika ya tano, macho yanafunguka. Unaona huyu amefunga frein mapema na ametoka kwenye kona na nguvu, yule ameingia na mwendo mwingi na ametoka amelala upande, watu wamepiga makelele lakini saa haikufurahi. Mzee alikuwa ananieleza polepole, aliniambia Ijumaa wanaanza kufuatana na pointi za mwaka, kiongozi mbele, alafu Jumamosi na Jumapili wanageuza, mwenye anaongoza rali anatoka nyuma ya wakubwa wenzake. Na ile kutoka wa kwanza siyo heshima, ni adhabu, juu mchanga na mawe madogo iko bado juu ya barabara, yeye anafagia, wenzake wanapita mahali pasafi. Hilo nisingelijua kama ningekuwa bado juu ya boda.

Na kuko sababu ingine ya kubaki: steji nyingi zinakimbiwa mara mbili, asubuhi na nyuma ya saa sita. Usiondoke! Asubuhi kona yetu ilikuwa sawa kama uwanja. Mchana ilikuwa imechimbika mifereji ya kufika kwenye goti, mawe makubwa yametoka nje, na madereva wale wale walipita tofauti kabisa, wengine walitafuta mstari mpya karibu na majani. Barabara ile ile, lakini kazi ingine. Unapata rali mbili kwa nauli moja.

Vumbi nayo niseme. Mtu wa Goma anafikiri hakuna mwenye atamfundisha vumbi, sisi tumejenga juu ya mawe ya volkano yetu Nyiragongo, tunaivuta kila siku kwenye moto (pikipiki). Lakini kule kuko udongo wanaita feshifeshi, ni wa volkano kama wetu, umesagika laini kama unga wa muhogo, gari ikiingia ndani gurudumu inazama na wingu inasimama hewani muda mrefu. Beba kitambaa kikubwa cha kufunika pua na mdomo, miwani, na maji ya kunawa macho. Mwenye pumu asikae karibu na feshifeshi, namuomba kabisa. Asubuhi ni baridi kama ya kwetu, saa sita jua inachoma, kwa hiyo jaketi na kofia vyote viwili.

Sashe zetu za plastiki ziache nyumbani. Rwanda ilizikataza tangu 2008, Kenya tangu 2017, na mu hifadhi za wanyama kama Hell's Gate, kwenye wanamalizia rali Jumapili, hata chupa ya plastiki ya kutumia mara moja haikubaliwi tangu 2020. Nunua chupa ya chuma, ndiyo, na kapu au mfuko wa kitenge. Mu kapu yangu nilibeba mikate, ndizi na nusu ya fromaji (jibini) ya Masisi kwetu, inavumilia njia ndefu bila kuharibika, na njo ilinipatia marafiki kwenye kilima, mzee alikula akauliza hii inatoka wapi, nikamweleza Masisi ni wapi, akanimiminia chai.

Malazi tafuta miezi mbele, Naivasha inajaa na bei inapanda. Sisi tulilala chini kwa rafiki ya shemeji. Ukikosa kabisa, lala Nairobi, ni karibu kilometa 90, lakini itabidi utoke usiku. Mtoto mdogo, mawazo yangu, mwache nyumbani mara ya kwanza, siku ni ndefu, kelele ni nyingi na wewe mwenyewe bado unajifunza kusimama.

Kama pesa ya Kenya haitoshi, kuko Rwanda Mountain Gorilla Rally, inakimbiwa upande wa Bugesera, kusini mwa Kigali. Gari siyo zile za ubingwa wa dunia, lakini barabara ni ya udongo, na bisi kutoka Gisenyi mpaka Kigali ni saa tatu, nne. Kama ningeanza upya ningeanza na hiyo, nizoeshe macho, alafu nipange Naivasha mwaka unaofuata.

Na jioni, gari ya mwisho ikipita, usishuke mara moja. Ngoja ile gari ya kufunga barabara ipite nayo. Sisi tulingoja na mzee, jua inashuka juu ya ule mlima wenye unafanana na mtu amelala, shemeji anakunguta vumbi mu viatu, na mzee ananionyesha na fimbo yake kona ingine, kule juu, yenye alisema mwaka ujao ataijaribu.