Nondo zinachungulia kwenye dari la gereji: plasta itatosha?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Marehemu baba alituachia jengo la miaka ya 1970 hapa Dodoma mjini. Chini gereji, juu maegesho ya wazi, magari hupanda kwa mteremko wa zege pembeni. Halijawahi kupigwa plasta. Sasa dari linabanduka na nondo zinaonekana. Fundi anataka apige plasta nzito na rangi ya mafuta, halafu tupandishe ghorofa ya ofisi. Ninunue saruji mifuko mingapi?

JIBU: Marahaba. Usinunue hata mmoja. Shusha magari ya juu leo, na gereji ya chini ifungwe mpaka slabu, yaani sakafu ya zege iliyo juu yake, iegemezwe kwa miti au vyuma.

Swali hili linanifikia kila mara, na kinachonichosha si nyufa bali imani kwamba zege ni jiwe, likishakauka basi. Zege lisiloharibika lina alkali kali inayoikinga nondo. Hewa ya ukaa hupenya mwaka hadi mwaka na kuimaliza alkali hiyo, kuanzia usoni kwenda ndani. Ikiifikia nondo, mvua za Desemba hadi Aprili zinatosha kuanzisha kutu. Na kutu huvimba, huchukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilicholiwa. Zege lako linasukumwa kutoka ndani. Plasta itaficha tu, na itadondoka nalo. Rangi ya mafuta ndiyo balaa zaidi: maji yanaingia kwa juu, wewe unayafungia mlango wa kutokea.

Kutopigwa plasta si upungufu. Mbunifu majengo wa Ufaransa, Auguste Perret, aliacha mifupa ya zege wazi kwenye gereji yake ya Rue de Ponthieu, Paris, mwaka 1907, na wabunifu wa kisasa wakafuata njia hiyo. Mbunifu majengo wetu Beda Amuli naye aliliacha zege lijionyeshe Soko la Kariakoo. Lakini zege la wazi hutaka nondo zikae ndani vya kutosha. Kwenye slabu nyingi za zamani nilizopasua, nondo zililazwa karibu juu ya mbao za kumwagia zege, bila biskuti, yaani vitofali vidogo vya kuziinua. Ndiyo hizo zinazochungulia.

Mjini Wolverhampton, Uingereza, slabu ya juu ya maegesho ya Pipers Row, yaliyojengwa mwaka 1965, iliporomoka Machi 1997. Zege lilikuwa limechakaa kuzunguka nguzo, likazibwa viraka ambavyo havikushikana na zege la zamani. Ilikuwa usiku, hakuna aliyeumia.

Mhandisi wa miundo aliyesajiliwa agonge slabu yote kwa nyundo asikilize panapolia tupu, apulize fenoliftaleini, dawa ya kupima alkali, kwenye zege lililopasuliwa (likigeuka waridi, alkali bado ipo), apime nondo zimebaki na unene gani. Ndipo zege bovu livunjwe hadi nyuma ya nondo, kutu isuguliwe, nondo zilizokonda ziongezewe nyingine, na pazibwe kwa mota maalumu ya ukarabati. Sakafu ya juu izuiwe maji.

Ghorofa ya ofisi, sahau. Jengo lilipojengwa, Peugeot 404 ilikuwa na uzito wa takriban tani moja. Land Cruiser VX ya leo inapita tani mbili na nusu. Slabu tayari imeongezewa mzigo bila kuulizwa, bado unataka kuitwisha kuta.

Na nyie mnaojenga mapya tangu serikali ihamie huku, msicheke. Nimesimama kwenye saiti hapa hapa Dodoma, fundi maiko anachanganya zege kwa maji ya kisima yenye chumvi, eti yanakausha haraka. Chumvi haisubiri alkali iishe. Inaila nondo hata zege likiwa changa. Boza la maji likifika, onja maji kabla hayajashushwa. Ulimi ukisikia chumvi, ligeuze lirudi lilikotoka. Usiposikia kitu, bado peleka chupa moja maabara.